Mashine Inayonong'ona

Dany alimvisha Maman Apolline visikilizio vya mashine mpya, akavibana vizuri masikioni, kisha akarudi nyuma huku ameinua mikono ili kila mtu aione.

"Sasa muntu asimusaidie," alisema. "Hata mimi."

Hilo ndilo Carine alilokuwa akilitaka. Yeye ni mkaguzi wa ofisi ya viwanja, na bila sahihi yake serikali hainunui hata waya. Mara ya kwanza Dany, muuzaji mwenye ulimi wa asali, alileta mashine ya kioo kitupu: unasoma, unagusa, basi. Carine aliirudisha siku hiyohiyo. Mkataba ulisema kipofu aweze kuitumia peke yake, kwa sauti inayomfikia yeye tu. Maneno hayo aliyaandika Carine mwenyewe, na aliyaandika kwa uchungu.

Baba yake, Papa Cirhuza, ni kipofu. Mwaka jana Guy, mtoto wa kaka wa mzee, alimpeleka kwenye mashine ya zamani, akamsomea kioo kwa upole wote, akamshika kidole na kumwita baba mdogo: "Gusa hapa, tonton." Mzee akagusa. Kiwanja cha chini, chenye miparachichi, kikawa cha Guy. Kikulacho ki nguoni mwako. Sasa kimebaki kiwanja cha nyumba, na leo ni siku ya mwisho ya kila mwenye kiwanja kuthibitisha chake kwenye mashine, la sivyo kitahesabiwa hakina mwenyewe. Tangu asubuhi Guy alikuwa amekaa kwa mzee, amevaa koti, anasubiri kumsindikiza.

Maman Apolline alikuwa mkimbizi kutoka Minova. Dany ndiye aliyemtafuta, na kwamba ni kipofu hakuna aliyeweza kubisha. Macho yake yalikuwa meupe yote mawili. Alifika akiwa ameshikwa mkono na mke wa mwanawe, Mireille. Carine alipomwamkia, Mireille ndiye aliyejibu, na kila alipoulizwa jambo Mireille alijibu tena. Mzazi aliyechoka hasumbuliwi kwa maneno wakati mkwe wake yupo. Carine aliipenda adabu hiyo, maana siku hizi imekuwa adimu. Akawa anamwuliza Mireille tu.

Kabla ya kuanza, Carine alikuwa ameomba avae visikilizio kwanza, asikie mwenyewe.

"Haitasema na wewe, madame," Dany alijibu. "Sauti inaamkaka na kidole ya mwenye kiwanja tu. Si ni wewe uliandika vile?"

Ni kweli, alikuwa ameandika hivyo. Akakaa.

Bibi akaweka kidole, kilichokuwa kimesajiliwa kwa kiwanja cha majaribio. Kioo kikawaka. Mara radi ikapasuka juu ya mtaa wa Kadutu, madirisha yakatetemeka, karani mmoja akaangusha kikombe. Maman Apolline hakupepesa hata kope. Aliyepitia vita, Carine aliwaza, hawezi kushtuliwa na radi. Vidole vya bibi viliendelea kutembea juu ya kioo, hapa, pale, chini, tena juu, bila kusita, kama vya mwanamke anayechambua maharagwe aliyoyazoea.

"Sauti iko wazi, maman?" Carine aliuliza, na safari hii hakuweza kumngoja mkwe.

Karatasi ilitoka ikamgusa bibi mkononi. Akaipapasa, uso wake ukafunguka.

"Iko muzuri sana!" alipiga kelele mpaka makarani wakacheka. Ndivyo wanavyosema watu waliozibwa masikio.

Carine alicheka nao, na machozi yalikuwa yakimtoka. Alitia sahihi, akagonga muhuri. Dany alikunja hati, akashuka ngazi mbilimbili, na gari lake likaondoka. Mashine zenyewe zilikuwa zimeshawekwa katika mitaa yote, hata Bagira, mtaa wa baba yake, zikingoja sahihi hiyo tu.

Akampigia baba yake.

"Papa, mashine imepita. Uende yako peke yako. Guy asikufuate."

"Ule maman amesikia yote yeye mwenyewe?"

"Yote, papa. Nilikuwa namuangalia."

Mzee alipojibu, sauti yake ilikuwa ya zamani, ya kabla ya Guy. "Basi namufukuza huyu sasa hivi. Na telefone naiacha hapa, asinifuate nayo. Nachukua fimbo yangu, naenda."

Carine alibaki na simu kifuani. Kwa muda mrefu hakuwa amefurahi namna hiyo. Kisha akakumbuka kwamba hakumshukuru bibi, akateremka mbio.

Aliwaona karibu na lango. "Maman Apolline!" Bibi hakugeuka. Akaita tena kwa nguvu, hakugeuka. Lori lililokuwa likirudi nyuma likapiga honi mgongoni mwake, naye akaendelea kutembea polepole mpaka Mireille alipomvuta pembeni. Carine aliwafikia akihema.

"Namuita, hageuke. Nimemukosea?"

Mireille alitabasamu kwa aibu.

"Hapana, maman, mutusamehe. Hasikie. Tangu ile bombe ya vita, masikio yake ilikufa yote mbili. Papa Dany alimufundisha juma nzima na ubao ya kipimo ya ile kioo, kidole hapa, kidole hapa, mpaka akashika. Hata mimi nilishangaa leo, vile alimuvalisha vile vitu mu masikio."