Kimya wa Kiti cha Nyuma

"This is a door," alisema Madam, akiugonga mlango kwa kifundo cha kidole.

"This is a door!" darasa zima likaitikia.

Kimya naye aliitikia, lakini kwa sauti ya chini. Wasiwasi ulikuwa umemshika tangu alipoamka. Hata chai ilimshinda, kikombe kikabaki mezani kimejaa.

Jina hilo la Kimya alipewa na wenzake wa darasa lile la watu wazima, chumba kimoja tu juu ya duka la matairi. Hakai mbele, hasemi mpaka aulizwe, na kipindi kikiisha anatoweka kama mtu anayedaiwa. Wenzake walikuwa dereva wa lori, mama wa saluni na wengine wa aina hiyo, wote wakianza Kiingereza toka mwanzo kabisa. Walikosea, wakachekana, wakakosea tena. Yeye hakuwa na nafasi ya kucheka. Kwake Kiingereza hiki ndicho kilichokuwa kinawalisha watoto.

Na alilikoroga mwenyewe. Baada ya kusota sana bila kazi, alikutana na bosi aliyemuuliza swali moja tu: Kiingereza unakijua? Akawafikiria pacha wake nyumbani, akajibu, "Kabisa!" Kazi akapata papo hapo. Tangu siku ile, asubuhi anajifunza kile ambacho mchana anatakiwa aonekane anakijua toka zamani.

Sasa jana bosi alimvuta pembeni. "Kesho mchana anakuja mgeni kukusikiliza. Huyo Kiingereza amekisomea huko huko kwa wenyewe. Akikukubali, unabaki. Akikukataa, ndugu yangu, utanisamehe."

Mkewe aliposikia habari hiyo alishika kiuno. "Baba Pacha, si umwambie ukweli tu?"

"Nimwambie nini, mama? Kwamba nimemdanganya tangu siku ya kwanza?"

"Basi kasome, baba. Kasome kama mtu anayekimbizwa na mbwa."

Na kweli alisoma hivyo. Wenzake waliinama wakinakili maneno ya ubaoni. Kimya alimkodolea macho Madam mwenyewe: anaposimama, anapoisukuma miwani yake mikubwa juu ya pua, anapogusa meza, anaponyoosha kidole kwenye dirisha la mbali na kusema, "That is a window." Alikariri mpaka pale anaponyamaza kidogo ili watu wapumue.

Mama wa saluni akamgeukia. "Kaka, mbona suruali yako kila siku ina vumbi jeupe? Kwani wewe fundi chokaa?"

"Kidogo kidogo," akajibu Kimya, akijipangusa haraka haraka.

"Kimya!" Madam akaita. "Hebu njoo ubaoni."

Akaenda akijikokota. Chaki haikumsumbua, maneno aliyaandika yakanyooka vizuri tu. Alipoambiwa ayasome ndipo alipokwama. Watu wakasubiri. Jamani, kama anashindwa mbele ya hawa wanaomcheka kwa upendo, huko mchana itakuwaje?

"Unaogopa nini, kaka?" Madam akauliza kwa upole. "Hapa hakuna bingwa. Wote tunajifunza."

Akasoma. "This is a table" ikatoka, inatetemeka, lakini ikatoka. Wakampigia makofi. Badala ya kurudi kwenye kiti chake, akabaki pale pale akipikicha vidole.

"Madam, samahani. Na mtu akiniuliza atajuaje pa kusema this na pa kusema that, nimjibu nini?"

"Nani huyo wa kukuuliza mambo hayo?"

"Watu tu."

Madam akacheka. "Mwambie anyooshe mkono. Akikigusa, this. Asipokifikia, that." Akaanza kufuta ubao. "Haya, leo tunaishia hapa. Mchana nina shughuli mahali."

Kimya alikuwa wa kwanza kushuka ngazi. Kazini kwake kulikuwa upande wa pili wa mji, akaenda kwa miguu, na njia nzima alikuwa akigusa kila alichokifikia. This is a wall. This is a tree. This is a car, mpaka mwenye gari akamfokea. Alipofika karibu alijibanza nyuma ya ukuta, akarudia somo lote tangu mlango mpaka dirisha.

Bosi alikuwa amesimama mlangoni, uso umemkunjamana. "Ulikuwa wapi wewe? Mgeni ameshafika, yumo ndani. Nimemkalisha nyuma kabisa asije akakubabaisha."

Mwili mzima ulimwambia ageuke akimbie. Akawakumbuka pacha. Akaifuta mikono kwenye suruali, akasukuma mlango.

Viti vikakwaruza sakafu, chumba kizima kikasimama kwa pamoja.

"Good afternoon, teacher!"

Aliyebaki amekaa ni mgeni peke yake, kule kwenye kona ya nyuma, akiisukuma miwani yake mikubwa juu ya pua.

Madam akalitazama vumbi jeupe kwenye suruali ya Kimya. Kisha akainuka naye, akanyoosha gauni lake, akasema taratibu, "Good afternoon, teacher."