Kiti cha Dereva

Zamda alipofunga mkanda, mumewe Ngwali alimtupia jicho akiwa kwenye usukani.

“Yaani huniamini? Miaka kumi na tisa naendesha gari, sijawahi kumgusa hata kuku.”

“Nakuamini, Baba Tunu. Wenzako barabarani ndio siwaamini. Funga na wako.”

“Unanibana tumbo,” alisema, akakanyaga mafuta.

Walikuwa katikati ya mteremko lori la miwa lilipochomoza konani, likiwa upande wao. Ngwali alikata usukani. Gari liligonga ukingo, likabingirika mara tatu, na kila lilipobingirika mkanda ulimkata Zamda kifuani kama panga butu. Kioo cha mbele kilipasuka. Kitu kizito kilipita karibu na uso wake, kikatokea nje.

Kelele zilipokoma alikuwa ananing’inia kichwa chini, damu ya puani ikimwingia machoni. Kiti cha dereva kilikuwa kitupu.

Mwanamume mmoja alijipenyeza dirishani, akamfungua na kumvuta nje. “Usitazame kule, mama,” alimsihi.

Alitazama. Ngwali alikuwa amelala katikati ya lami, shingo imepinda. Zamda alimwendea kwa magoti, mbavu zikimchoma kila alipovuta pumzi, akakipakata kichwa chake. Akaanza kumtoa vipande vya kioo nyweleni, kimoja kimoja, kwa uangalifu, kana kwamba anaogopa kumwamsha. Nyuma yao magari yalikuwa yamekwisha kupanga foleni, na mtu mmoja huko mwisho alikuwa anapiga honi.