Mgeni wa Bi Earline

Jumatano ya nne mfululizo, mwanamume yule aliegesha gari lake nyuma ya nyumba, karibu na mapipa ya taka, akaingia kwa mlango wa jikoni. Kofia ameishusha mpaka kwenye nyusi, miwani ya jua usoni. Na jua lenyewe halikuwepo. Alabama ilikuwa na mawingu tangu alfajiri. Mkononi alibeba pai ya njugu na daftari dogo.

Vernelle alimwona kupitia dirisha la chumba cha kufulia, akaziacha shuka alizokuwa akizikunja.

"Mtu mwenye nia njema hupita mbele," alijisemea.

Dada yake, Bi Earline, alikuwa mjane wa miaka sabini na moja, mwenye magoti mawili ya chuma na ugonjwa mmoja usio na dawa: gemu la mpira wa Kimarekani kwenye runinga. Humo ndani yeye ndiye aliyeiongoza timu ya Chuo Kikuu cha Marbury, kile kile kilichokuwa mitaa mitatu kutoka kwao. Alisajili vijana, akawaweka benchi wazembe, akatwaa ubingwa wa taifa mara sita. Marbury ya kweli haikuwa imeshinda hata mechi moja tangu Septemba, na mji mzima ulikuwa umenuna, Vernelle akiwa wa kwanza. Bi Earline hakununa. Yeye alikuwa na Marbury yake.

Gemu halikumsumbua Vernelle. Mgeni ndiye aliyemnyima usingizi. Tangu talaka yake ya pili alikuwa akiishi hapo kwa dada yake, kwenye chumba chenye jua la asubuhi, na kiti barazani ambacho hata paka alijua ni cha nani. Sasa dada akiolewa, bwana ataingia na masanduku yake, na Vernelle atatoka na ya kwake. Hilo halikuhitaji kupigiwa ramli.

Akavua viatu, akanyata hadi kwenye mlango wa sebule, akabandika sikio.

Ndani walikuwa wanacheza, kila mmoja na pedi yake ya gemu. Katika mpira ule wa umbo la yai, timu hupewa majaribio manne ya kusogea yadi kumi. Likifika la nne, waoga huupiga mpira mbali na kumwachia mpinzani.

"Jaribio la nne, zimebaki yadi mbili," ilisema sauti ya Bi Earline. "Unafanya nini?"

"Naupiga mbali, mama."

"Yadi mbili tu, unakimbia? Marehemu mume wangu alikuwa mwoga, alimwogopa hata kuku wa jirani. Lakini wewe, baba, umemzidi."

Mgeni akacheka kicheko cha mtu aliyezoea kusemwa. "Nipe jibu langu basi, Bi Earline. Jumamosi ni mtondo."

"Jibu langu unalijua. Nishinde kwanza. Ukinishinda mara moja tu, Jumamosi nakuja kusimama ubavuni mwako, watu wote waone. Usiponishinda, katafute mwingine."

"Hakuna mwingine. Wakubwa wangu nimeshawaambia, wamekubali."

Nje ya mlango, Vernelle alihesabu siku kwa vidole. Kumbe hata kwao ameshakwenda kusema. Jumamosi! Hata gauni dada hajanunua.

Akafumba macho. "Bwana, wewe unajua sikuombi mengi. Mwache huyu mtu apigwe."

Na kwa kitambo maombi yalionekana kupokelewa. Bi Earline alikuwa mbele kwa pointi tatu, akicheza huku anaimba wimbo wa kanisani, jambo alilolifanya tu akiwa ameshika koo la mtu. Vernelle, ambaye hajawahi kulijali gemu hilo, alijikuta amekunja ngumi na kunong'ona: "Mkabe. Mkabe huyo, dada."

"Sekunde nane," Bi Earline alisema. "Jaribio la nne, yadi mbili kutoka mstari wa mwisho. Piga teke la pointi tatu tutoke sare, ujiendee zako na aibu ndogo."

Kalamu ikaangukia sakafuni.

"Hapana," mgeni alisema. "Leo navuka mstari, nichukue zote sita."

Mashabiki wa ndani ya runinga wakalipuka. Kiti kikapinduka. Kisha Vernelle akasikia kitu ambacho hakuwa amekisikia tangu wakiwa wasichana: dada yake akipiga vigelegele.

"Amenishinda! Vernelle, uko wapi? Mtoto wa watu amenishinda."

Vernelle alikuwa karibu kuliko alivyodhaniwa. Aliusukuma mlango, akaingia na soksi zake, kidole kimetangulia.

"Sitoki," alisema. "Mimi kwenye chumba changu sitoki. Na wewe bwana, kama wataka kumposa dada yangu, njoo mchana kweupe, kwa mlango wa mbele, na sura yako tuione."

Bi Earline alimtazama, akashika kifua, akaanza kucheka mpaka akaketi chini kwenye zulia, magoti ya chuma na yote.

Mgeni, jasho likimtiririka na furaha imemjaa, alivua kofia. Akavua miwani.

Vernelle aliijua sura ile kuliko za waume zake wote wawili. Kila Jumamosi tangu Septemba, katika uwanja wa Marbury, alikuwa akipanda juu ya kiti, safu ya kumi na nne, na kupaza sauti mpaka inakauka, akitaka mwenye sura hiyo avuliwe ukocha.