Mafuta ya Kidarini

Wajukuu, walikuwepo mbuzi wawili pacha, Kipara na Ndovyo. Walipotimiza miezi mitatu, mwenye zizi alimhasi Kipara akawa maksai, akamwacha Ndovyo awe beberu.

Ndovyo akakua mwembamba, ananuka, kutwa anafukuza majike. Kipara hakuwa na haja na majike. Alikula, akalala, na kila mwezi mafuta yakamzidi.

"Kaka, mbona mbavu zako zahesabika?" Kipara akamcheka. "Kwenu hakuna majani?"

"Cheka tu," Ndovyo akajibu. "Wewe ukishiba unanenepa. Mimi nikishiba napigana."

Siku moja mwenye zizi akaja, akamminya Kipara kidari kwa vidole. "Bado kidogo," akasema. "Akifika mwaka atatufaa kwa harusi."

Kipara akamkimbilia mama yake. "Mama, niokoe!"

"Usile, mwanangu," mama akamwambia. "Wakikuona umekonda watatafuta mwingine."

Basi Kipara akaacha kula. Akiletewa majani mabichi, anageuza uso, na mama yake anamsifu: "Hivyo hivyo, baba, jikaze."

Siku ya tano mwenye zizi akarudi, akaminya tena. Uso ukambadilika, akamwita mkewe.

"Mama Sijali, lete kisu! Huyu ameanza kukonda, na harusi iko mbali. Tumchinje leo kabla mafuta hayajaisha."

Mama mbuzi alilia siku mbili mpaka sauti ikakauka. "Ni mimi niliyemwambia asile," alikuwa akisema.