Gari la Kumlaza Mama

Daktari wa meno alivua viatu, akalala chali nyuma ya gari jeusi, viti vikiwa vimelazwa. Yeye na mama yake walikuwa kimo kimoja. Atakapoenea yeye, mama naye ataenea.

Muuzaji alipofunga mlango wa nyuma, ulimgusa visigino.

"Tujaribu lile jeupe," daktari alisema.

Yote mawili yalikuwa ya Kijerumani, marefu, ya kampuni zisizopikika chungu kimoja. Wiki nzima alikuwa akiyalinganisha. Mama hakuweza tena kuketi, na kila Jumatatu walimpeleka hospitali amejikunja ndani ya kigari cha binti yake mdogo. "Mnanibeba kama gunia la viazi," alisema juzi, akicheka huku machozi yakimtoka.

Ndani ya jeupe, daktari alinyoosha miguu yote. Mlango ukafungwa, visigino havikugusa kitu. Zulia lilikuwa laini mgongoni. Akatabasamu peke yake.

Simu ikaita. Alikuwa dada yake mdogo, aliyebaki na mgonjwa.

"Nimelipata," alimwambia kabla hata ya salamu. "Mwambie mama atalala humu usingizi mpaka hospitali. Nakuja nalo sasa hivi."



"Njoo, kaka," dada alisema. "Ila usikimbize gari. Hakuna haraka."

Muuzaji alifungua mlango, akainama, akauliza kama aandae karatasi. Daktari aliendelea kulala pale, simu sikioni, ingawa dada yake alikuwa ameshakata.