Kila Kitu, Hata Nukta

"Kila kitu," Naibu alisema. "Nimesema kila kitu kiingie kwenye diski. Au masikio umeyaacha nyumbani?"

Mchapaji alibonyeza kitufe, trei ya kompyuta ikatoka, akaweka diski mpya.

Saa tano Naibu alitakiwa asimame mbele ya jopo la watu saba na slaidi zake za utafiti wa visima. Mkuu wa idara ya maji alikuwa anastaafu Ijumaa, na waliobaki kugombea kiti chake walikuwa wawili tu: Naibu, na injinia mmoja wa ghorofa ya chini ambaye Naibu hakumhesabu hata kama mtu. Kompyuta ya ukumbini ilikuwa nyingine, na matundu yake ya flashi yalishazibwa kwa kuogopa virusi. Ilikuwa ni diski au aende mikono mitupu.

"Na hivi ni vya nani?"

Nyuma ya mlango kulikuwa na mabuti ya mpira, matope mekundu yameyakaukia hadi juu.

"Ni yangu, bosi."

"Yatoe. Hapa ni ofisini, siyo shambani. Mgeni akiingia ataniona mimi mtu wa aina gani?"

Mchapaji aliyasukumia chini ya meza kwa mguu, macho hayakutoka kwenye kioo. Naibu alivitazama viatu vyake mwenyewe. Vilikuwa vyeusi, vinang'aa, soli kama zimetoka dukani jana.

"Bosi, na yale maelezo niliyokuwekea kila ukurasa, umeyapitia?"

"Nimeyapitia."

"Yote?"

"We mama, hebu nikome! Nimesema nimeyapitia."

"Basi na yenyewe yaingie?"

"Kila kitu! Hata nukta usiache. Nikifika kule nikakuta kimepungua kitu, utanitambua. Kazi yako ni kuchapa, kufikiri niachie mimi."

Ndivyo alivyokuwa huyo bwana, tusifichane. Mlinzi kwake alikuwa "we geti". Fundi wa umeme alikuwa "we waya". Mchapaji hakupata hata hilo. Yeye aliitwa kwa kupigiwa makofi mawili. Miezi saba mizima alikuwa ameahidiwa ajira ya kudumu, Naibu akishapata kiti. Wiki iliyopita Naibu akampa barua achape: kibarua wa kuchapa asiongezewe mkataba, mwisho wake mwezi huu. Akasimama nyuma yake, mikono mfukoni, akimwangalia mwanamke wa watu anavyojichapia kufukuzwa. Barua haikuwa na kosa hata moja. Naibu akasaini, kisha akamtuma akatoe kopi mbili.

Diski ikaisha kuchomwa. Mchapaji akaifuta kwa pindo la kitenge, akaitia kwenye jalada lake.

"Ijaribu kwanza, bosi."

Naibu akaipeleka chumbani kwake, akaitumbukiza kwenye kompyuta. Slaidi zikafunguka zote ishirini: picha za visima, majedwali, michoro ya rangi. Zilipita kimya kimya, maana spika za kompyuta ile alishazihamishia nyumbani kwake zamani, zimsaidie kusikiliza mpira. Mali ya ofisi, lakini nani wa kumuuliza?

"Kazi ya dakika kumi, umenipotezea saa nzima," alisema akitoka. Asante ya punda mnaijua.

Mchapaji alimsindikiza kwa macho mpaka mwisho wa korido. Halafu akavuta droo, akaanza kutoa vitu vyake kimoja kimoja: kikombe, kitana, picha ya binti yake.

Ukumbini, injinia alikuwa ameshamaliza zamu yake, amekaa nyuma anajifuta jasho. Jamaa alikuwa amebabaika, takwimu zake chache, picha hana. Naibu alimpita bila salamu. Akampa fundi wa ukumbi diski kwa vidole viwili, na kumwonya asiichafue.

"Waheshimiwa," alianza, tai imenyooka, sauti nzito. "Wenzangu wengine hutuma watu. Mimi situmi mtu. Visima hivi arobaini na viwili nimevizunguka kwa miguu yangu hii, jua langu, mvua yangu. Matope mnayoyasikia kwenye redio, mimi nimeyakanyaga."

Mwenyekiti, mama mmoja wa makamo mwenye miwani, aliinua kichwa. Aliandika neno kwenye karatasi yake, akamnong'oneza jirani, na jirani akatikisa kichwa kukubali. Naibu aliliona hilo. Kiti kilikuwa chake, kimebaki kukaliwa tu.

Mzee mmoja wa jopo akalalamika kwamba hasikii vizuri. Fundi wa ukumbi akainuka, akaongeza sauti ya spika zote nne, mpaka mwisho.

Naibu akatabasamu, akabonyeza.

Kisima cha kwanza kikatokea ukutani, kikubwa, maji yake yanameta. Halafu sauti ya mwanamke, ya taratibu, ya mtu anayemfundisha mtoto mzito wa kuelewa, ikajaa ukumbi mzima:

"Bosi, hapa ndipo utakapowaambia visima vyote umevizunguka mwenyewe. Usitaje jina la kijiji, maana kila siku unalikosea. Hiki nilikipima mimi mwezi wa tatu, kwa hiyo wakikuuliza kina chake usibabaike. Kohoa, halafu bonyeza ukurasa unaofuata. Jibu nimekuandikia pale juu."

Watu saba walimgeukia. Naibu akakohoa, na kidole chake kikabonyeza kuikimbia ile sauti.

"Vizuri sana, bosi," sauti ikasema. "Sasa tabasamu."