Kitambaa cha Malkia

Jumatatu asubuhi, mkono wa malkia haukuwepo tena.

Mwalimu wa sanaa alisimama mbele ya ukuta wa ukumbi, mkoba bado begani. Ijumaa tu watoto walikuwa wamemaliza kuuchora mkono ule pamoja na kitambaa alichokuwa akifuma, buluu tupu, wakapongezana kwa makofi. Sasa palikuwa na chokaa nyeupe na michirizi ya maji iliyokauka. Hii ilikuwa mara ya tatu.

"Ni mashetani ya Wagiriki, mwalimu," alisema Kinyonga, mwanafunzi aliyepewa jina hilo kwa sababu hakuwahi kurudi nyumbani na sare ya rangi aliyokuja nayo.

"Shetani hana dodoki. Leteni brashi."

Ngano za Wagiriki wa kale hakuwafundisha kwa kukariri. Kijana wa mabawa ya nta walimtengeneza kwa mishumaa halisi, wakamweka dirishani wajionee wenyewe jua linavyomfanya. Yule fahali-mtu walimfinyanga kwa udongo, akapasuka kichwa siku ya pili, wakamwombolezea kama jamaa. Wa kuchorwa ukutani alikuwa amebaki malkia tu, ambaye mumewe alipotelea baharini na wachumba wakamjazia nyumba.

Ukuta ukiisha, kamati ya shule ingekuja kuutazama. Hapo ndipo yeye, mwalimu wa muda aliyekwisha kubebwa shule hadi shule kama mtoto wa paka, angepewa kazi ya kudumu. Hilo aliliamini kama anavyoamini kesho kutakucha. Ila uchaguzi wa kamati mpya ulikuwa unabisha hodi, na hakuwa na nguvu za kwenda kujieleza upya kwa wageni. Lazima wamalize kabla.

Kwa hiyo hakutulia. Aliosha brashi zilizokwisha kuoshwa. Usingizini alipaka rangi.

Mtu wa kumwendea alikuwa mwalimu mkuu, naye alikuwa mtu wa hisabati, mwenye mashati meupe yaliyonyooka kama rula. Picha hazijibu mtihani, ndivyo alivyopenda kusema. Hata hivyo kila kipindi cha sanaa alikuja kuegemea mlango na kunung'unika.

"Mama gani huyo," aliuliza siku walipoanza kumchora malkia, "mchana anafuma, usiku anafumua?"

"Aliwaambia wachumba atachagua mume kitambaa kikiisha, mkuu. Ndiyo maana hataki kiishe."

"Na hao wanaume wazima hawakumshtukia?"

"Walichelewa."

Darasa lilicheka. Mwalimu mkuu alisema "hm," akaenda zake.

Jumatatu hii alimkuta ofisini amevaa koti jeusi, amelifunga vifungo vyote, na joto lote lile.

"Mkuu, kuna mtu ananiharibia. Naomba ukumbi ufungwe."

"Mwalimu, haraka haraka haina baraka," alijibu bila kuinua macho. "Rudieni taratibu. Ukuta hauna miguu."

Alitoka akiwa amefura. Taratibu! Rahisi kusema hivyo ukiwa na kiti chako na jina lako mlangoni.

Alirudi ukumbini akakagua tena. Aliyefuta alikuwa na mkono mwangalifu, alifuata mstari wa mchoro kama anayekata kitambaa, na hakugusa hata herufi moja ya majina ya watoto waliyoyaandika chini. Mtu anayejua picha huyo, akawaza. Basi wasiwasi ukamtuma vibaya, akamsimamisha Kinyonga mbele ya wenzake.

"Ni wewe?"

Mtoto alimtazama. Machozi yalimjaa lakini hakuyaruhusu yadondoke. "Mwalimu, mimi ndiye niliyeuchora ule mkono."

Aliona aibu, akamwomba radhi palepale, na aibu haikuondoka. Wiki nzima walichora upya. Ijumaa malkia alikuwa na mkono, kitambaa, na kipande cha bahari nyuma yake. Kilichobaki ni vanishi tu, ipakwe Jumatatu, na baada ya hapo hakuna maji ambayo yangefuta kitu.

Jumamosi asubuhi alijificha nyuma ya pazia la jukwaa, kiatu kimoja mkononi kama rungu. Alingoja mpaka miguu ikafa ganzi. Kisha ufunguo ukalia mlangoni, ndoo ikawekwa sakafuni, stuli ikaburutwa. Akasikia dodoki likikamuliwa, likisugua ukuta, likikamuliwa tena.

Alilivuta pazia.

"Kumbe ni wewe!" Sauti yake iligonga dari. "Kikulacho ki nguoni mwako! Mtu mzima, unawaliza watoto! Huu ukuta ndio kazi yangu, mkuu. Sina kingine!"

Mwalimu mkuu hakushuka kwenye stuli. Koti lilikuwa limening'inia kwenye kitasa cha dirisha, na mikono ya shati lake jeupe ilikuwa buluu mpaka viwikoni.

"Kamati ilishapitisha tangu muhula unaanza," alisema polepole. "Ukuta ukiisha, sanaa inaondolewa na wewe unaaga. Nimewabishia mpaka wamechoka kuniona. Lakini hao wenyewe mwezi ujao wanatoka, na ukuta usipoisha kabla ya hapo, watakaoamua ni wapya."

Kiatu kilimponyoka mkononi.

Mwalimu mkuu alichovya dodoki la pili kwenye ndoo, akalikamua, akamnyooshea. "Shika, mwanangu. Mimi namalizia mkono, wewe anza na bahari. Mashati yangu yamekaribia kuisha."